Jambo Mbele ya Jambo: Salamu katika Barua

Kila mwaka mwalimu wa kifaransa katika humanités anafika kwenye somo la barua. Anachora kwenye ubao namna karatasi inavyopangwa: juu kushoto, jina na adrese ya mwenye kuandika, kulia, mji na tarehe, chini kidogo, cheo cha mwenye kupokea, kiisha neno « Concerne », na mstari chini yake, na nyuma ya hayo yote, peke yake, neno la salamu: « Monsieur le Préfet », na virgule. Wanafunzi wanakopi. Hakuna anayeuliza kitu, sababu ile kanuni inaonekana kuwa kama kanuni ya jometri, ambayo haina baba wala mama.

Lakini tuangalie vizuri. Katika barua hiyo, shauri linatangulia salamu. Mtu anasema kwanza kitu anachotaka, ndipo anamsalimia mwenzake. Ukifanya vile kwa mdomo, katika nyumba yoyote ya Lubumbashi, ya Likasi, ao katika kijiji cha kando ya Lualaba, ukaingia tu na kusema « nimekuja juu ya ile feza », watakuuliza ni nani aliyekulea. Na kiswahili chetu kimeweka mambo hayo mawili katika neno moja: « jambo » ni salamu, na « jambo » ni shauri. Tunasema jambo ya kwanza kusudi ile ya pili ipate njia ya kupita.

Swali langu katika karatasi hii ni ndogo, lakini naamini iko na mizizi mirefu. Tukimwandikia mtu asiye wa nyumba yetu, lakini asiye mgeni kabisa, tumsalimie namna gani? Sizungumzi juu ya barua ya kwa ndugu. Ile kila mtu anaijua: nakamata kalamu, salamu nyingi kwa yaya na watoto wote, sisi huku tuko wazima, sijui nyinyi huko. Sizungumzi tena juu ya barua ya kwa Gouverneur, ambayo iko na kanuni zake na washauri wake. Ninataka kusema juu ya barua ya katikati: kwa prefe wa shule ya mtoto, kwa chef de quartier, kwa muganga mkubwa wa centre de santé, kwa mwenye nyumba tunayopanga, kwa président wa shirika letu. Watu hawa tunakutana nao sokoni. Tunawaona kwenye matanga. Na tena wako na muhuri. Mwenye muhuri ambaye ni jirani, njo mtu wa shida kumwandikia.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya protokole, haina uhusiano na mema na mabaya. Mimi ninasema ni swali la mema na mabaya, na nitatoa mfano mmoja.

Katika shule moja ambayo sitaitaja, mama mmoja muuza makala alimwandikia prefe juu ya minerval ya binti yake wa klase ya tano. (Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipwi tena na wazazi, lakini katika humanités bado wanalipa, na trimestre ikifika katikati, orodha ya majina inasomwa na watoto wanarudishwa nyumbani.) Barua yake ilikuwa ya kiswahili, kwenye karatasi ya kaye, na maandiko yalikuwa ya mtoto wake mdogo, sababu yeye mwenyewe macho yalikuwa yamechoka. Ilianza hivi: « Papa Prefe, jambo yenu. Muko wazima na watoto? Sisi tuko, ila kikohozi tu. » Kiisha ndipo alisema shida yake: majuma matatu tena, atamaliza kulipa.

Sekretere aliirudisha. Alisema: « Mama, hii haiko barua. Concerne iko wapi? » Na tena: « Prefe haiko baba yako. » Mama alienda kwa kijana mmoja mwenye ordinatere kando ya komini, kijana akampigia barua ya kifaransa kwa feza ya mikate miwili. Ile barua ilisema « J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute personnalité ». Mama hakusoma kifaransa. Aliweka sahihi chini ya salamu ambayo hakuijua, iliyotengenezwa na kijana asiyemjua, kwa ajili ya mtu aliyekuwa akimwona kila Jumapili. Barua ilipokelewa. Binti alikuwa amekosa siku kumi na moja za masomo.

Sasa niulize: katika barua ya pili, nani alimsalimia prefe? Mama hapana. Kijana wa ordinatere hapana, yeye alitaka feza yake tu na kuendelea na kazi ingine. Tunaweza kusema ile karatasi haikuwa na salamu hata moja, ijapokuwa ilikuwa na maneno ya heshima kutoka juu mpaka chini. Na barua ya kwanza, ambayo sekretere alisema si barua, ilikuwa na mtu mzima ndani yake, pamoja na kikohozi chake.

Ninajua kwamba wasomaji wengi watakuwa sasa upande wa mama. Mimi pia. Lakini haifai kumhukumu prefe haraka, sababu yeye alikuwa na neno lake, na neno lile lina nguvu kuliko vile tunavyozania. Aliniambia hivi: « Mwalimu, wakiniita Papa, nitakatala namna gani? Leo huyu ananiita Papa. Kesho mwingine ananiita ndugu, sababu tunatoka teritware moja. Kesho kutwa wa tatu ananiita shemeji. Na yule ambaye hana neno la kuniita, aliyefika hapa juzi, ambaye hakuna mtu anamjua, yeye atapita wapi? Afazali wote waseme Monsieur le Préfet. »

Tusilichukue neno hili kama kiburi cha mtu wa biro. Hapa kwetu tunajua namna « ndugu yangu » inavyofanya kazi. Ni neno tamu, lakini limefungulia watu kazi wasiyostahili, limefungia wengine mlango, na katika mji huu wa migodi, wenye watu wa kila kabila, kuna miaka ambayo neno « mtu wetu » lilileta machozi mengi. Yule « Monsieur » aliye baridi, asiye na baba wala shangazi, yuko pia na wema wake: ni uleule kwa kila mtu. Maskini na tajiri wanamwandika kwa herufi zilezile.

Zaidi ya hayo, wazee wetu walipigania ule ubaridi. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Patrice Lumumba alihesabu mbele ya mfalme wa Ubelgiji mambo ambayo watu weusi walivumilia. Katika ile hesabu, pamoja na kazi ya nguvu, matusi na mashamba yaliyonyanganywa, alitia jambo moja la sarufi: kwamba mtu mweusi aliitwa « tu », na hakuitwa vile kama rafiki, ila juu ya « vous » yenye heshima ilikuwa imewekwa kwa wazungu peke yao. Mwalimu wa lugha hawezi kusahau neno lile. Siku ambayo inchi ilizaliwa, katika ile orodha ya maumivu, namna ya kumwita mtu ilikuwa na nafasi yake. Mwenye kusema « salamu ni kitu kidogo » afikiri juu ya ile siku.

Kwa hiyo mtu mwenye kudai « Monsieur » hadai uzungu. Anadai « vous » ambayo baba yake alinyimwa.

Kiisha tulijaribu njia ingine. Wakati wa Zaire, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, « Monsieur » na « Madame » ziliondolewa, na kila mtu akawa « Citoyen » ao « Citoyenne ». Sisi tuliosoma shule wakati ule tulikuwa tunaimba asubuhi mbele ya bendera na tulikuwa « citoyens » hata mbele ya kuota ndevu. Wazo lenyewe halikuwa baya: neno moja, la mkulima na la waziri. Lakini watu hawakukawia kuongeza vyeo nyuma yake. Walisema « Citoyen Commissaire », na juu kabisa alikuwepo « Citoyen Président-Fondateur ». Usawa ulikuwa kwenye neno la kwanza, na ngazi ilianzia kwenye neno la pili. Nyuma ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, « Monsieur » alirudi pamoja na kravati, na « Citoyen » akaenda polepole mahali ambapo maneno yanaendaga kulala.

Leo tuko na « Excellence », tuko na « Honorable », na tuko na « Autorité », ambayo naisikia sasa hata kwa mtu mwenye kulinda parking. Kwa mwenye bunduki barabarani tunasema « chef » ao « mukubwa ». Siwacheki wanaosema vile, sababu barrière ni barrière. Lakini pale hatusalimii mtu, tunasalimia bunduki, na bunduki inajua.

Nirudi kwenye swali. Kama « Papa » inaweza kuwa ufunguo wa kuingilia kwa nyuma, na « Monsieur » inaweza kuwa ukuta, tufanye nini?

Mimi nafikiri kosa letu ni kuzania kwamba salamu ni mapambo. Salamu ni usemi, na usemi unaweza kuwa wa kweli ao wa uongo. Ninapoandika « Papa » juu ya karatasi, mbele ya kuomba kitu chochote, nimekwisha kusema: kuna kamba kati yangu na wewe. Hiyo kamba iko ama haiko. Na kama iko, inavuta pande mbili. Watu wanasahau upande wa pili. Wanazania wakimwita prefe baba, ni yeye tu aliyefungwa, kwamba sasa analazimishwa kuwasaidia. Lakini baba ni mtu ambaye ana haki ya kusema hapana, na mtoto anabakia mtoto. Kama ulimwita Papa juma lililopita, akakukatalia, na juma hili unamtukana kwenye kabare, basi salamu yako ilikuwa uongo tangu siku uliyoiandika.

Hiyo ni njia moja ya kuipima salamu: je, nitaendelea kumwita vile kama jibu ni hapana? Yule mama, ninaweza kusema bila woga, angeendelea. Kwake « Papa » haikuwa rushwa. Ilikuwa njia ya kawaida ya kumwita mwanaume mwenye kulea watoto, na prefe ni mtu mwenye kulea watoto mia sita.

Njia ya pili inatoka kwa neno la prefe mwenyewe. Tuulize: jirani yangu wa kabila lingine, aliyefika juzi, anaweza kuandika salamu hii hii? « Papa Prefe » anaweza. Hakuna aliyemzuia. Hata mtoto wa mgeni anasema Papa kwa kila mwanaume wa umri ule, na hakuna anayecheka. Lakini « ndugu yangu wa Kamina », « shemeji », « mtoto wa kwetu », hayo hawezi. Yamechongwa kwa mtu mmoja. Salamu ambayo ni mimi tu ninaweza kuiandika, wengine wakabaki inje, si salamu tena. Ni mkono chini ya meza.

Kwa hiyo prefe alichanganya vitu viwili. Aliogopa udugu wa kuchagua, na kwa kuuogopa alifukuza pia heshima ya wote, ambayo inatumia maneno ya jamaa bila kuuliza kabila. Namuelewa, maana maneno yanafanana. Lakini kazi ya akili ni kutenganisha vitu vinavyofanana.

Mtu anaweza kuniuliza: na umri? Mama wa miaka sitini atamwita Papa mwanaume wa miaka thelathini na nane? Anamwita, na bila shida. Sisi tunamwita mtoto wetu wa kiume « papa » akiwa bado anatambaa, zaidi sana kama amechukua jina la babu yake. Neno hili halihesabu miaka. Linahesabu nafasi ambayo mtu anashika kati ya wengine. Placide Tempels, yule padri aliyeandika juu ya falsafa ya Wabantu katika mwaka 1945, aliona kwamba kwetu mtu hasimami peke yake, anasimama katika uhusiano na wengine. Kuna mengi katika kitabu chake ambayo wanafalsafa wa kiafrika walimkatalia, na kwa haki. Lakini juu ya hilo, mtu asome tu barua ya mama muuza makala.

Sasa maneno yenyewe. Hapa nitasema kama mwalimu, sababu wazazi wengi wananiuliza.

« Mpendwa » mimi siipendi katika barua ya katikati. Inatoka kwa « Cher », na « Cher » ya kifaransa imezoea kutembea kila mahali mpaka imebaki bila uzito. Hata wafaransa wenyewe wanafundisha kwamba kwa mtu usiyemjua vizuri unaandika « Monsieur » tu, bila « Cher ». Lakini « mpendwa » ya kiswahili bado iko na uzito wake. Kanisani, « wapendwa » iko na maana. Kwa mwenye nyumba ambaye amekuongezea loyer mara mbili katika mwaka mmoja, ukimwandikia « Mpendwa », wewe mwenyewe utacheka.

« Bwana » iko na historia nzito. Hapa Katanga ilikuwa ya mzungu wa kazi. Ni ya Mungu pia, tunaposali. Na katika nyumba, bwana ni mume: mwanamke akiandika « Bwana wangu Prefe », kartie nzima itataka kujua habari hiyo ilianza lini. « Bwana Prefe », bila « wangu », inapita, na wengi wanaitumia. Sina neno juu yake. Ila haina joto.

« Mzee » ni nzuri kwa mtu mzima. Tangu Laurent-Désiré Kabila, inchi nzima inajua kwamba « Mzee » inaweza kusimama hata kwenye cheo cha juu kabisa bila kuomba ruhusa kwa kifaransa. Lakini usimwandikie directrice « Mama Mzee », hatakushukuru.

Jina la mtu tuliweke wapi? Kifaransa kinakataza kuandika jina nyuma ya « Monsieur » katika salamu ya barua, na desturi yetu, kwa sababu zake zenyewe, inakubaliana nayo: mtu mkubwa haitwi kwa jina lake tupu. Tunamwita kwa mtoto wake, Mama wa fulani, Papa wa fulani. Sijaona mahali pengine ambapo kitabu cha sarufi na bibi yangu wangeweza kukaa meza moja.

Lakini kitu kikubwa kuliko maneno haya yote ni wingi. Kiswahili tunachokuta katika vitabu vya Tanzania kinamwambia mtu mmoja « wewe », hata kama ni mzee, na huko si tusi, sababu wako na « shikamoo » yao, ambayo inabeba heshima yote mbele. Sisi huku hatuna desturi ya shikamoo. Heshima yetu tumeiweka katika wingi. « Jambo yako » ni ya rika na ya mtoto. « Jambo yenu » ni ya mkubwa, hata kama yuko peke yake kwenye kiti. Wenye kusema kiluba cha Kasai wanafanya vile vile: « moyo webe » kwa mwenzako, « moyo wenu » kwa mkubwa. Wabemba wanasema « mwapoleni », na mtu mmoja anaipokea peke yake. Basi mwanafunzi wetu anayejifunza kiswahili safi na kumwandikia mzee « ninakuandikia », ameandika vizuri kwa sarufi, na mzee anasikia kama amepigwa kofi kidogo. Afazali aandike « ninawaandikia ». Mwalimu wa kiswahili atatia wino mwekundu, mzee atafurahi. Mimi niko upande wa mzee. Ile « vous » iliyokuwa katika hotuba ya mwaka 1960 tulikuwa nayo katika lugha zetu tangu zamani, na haikuwa ya rangi ya ngozi.

Na kuuliza habari ya nyumba? Watu wa biro wanasema inapoteza wakati. Kwanza, mstari mmoja haupotezi wakati wa mtu. Pili, tukumbuke kwamba kiswahili chenyewe kilifika Maniema na Katanga na watu wa misafara, na barua za watu wa pwani, zilizoandikwa kwa herufi za kiarabu, zilianza na salamu ndefu na sifa za mwenye kupokea, mpaka mwandishi afike kwenye neno « wabaadu », kusema « na baada ya hayo », ndipo biashara inaanza. Wale walikuwa wafanyabiashara, wenye kuhesabu pembe na nguo kwa makini, na kati yao kulikuwa na watu wenye kuuza watu. Siwafanyi kuwa walimu wa wema. Lakini hata wao, katika biashara yao ngumu, hawakuweka « Concerne » juu ya salamu.

Sisemi tutupe « Concerne ». Prefe anapokea barua nyingi, na sekretere anatafuta ile neno kusudi ajue karatasi inaenda kwenye farde gani. Hiyo ni haki yake. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waandike salamu kwanza, kiisha mstari wa shauri chini yake: « Papa Prefe, jambo yenu na nyumba yote. Shauri: minerval ya mtoto wa klase ya tano. » Anayetafuta shauri analiona mara moja. Anayetafuta mtu anamwona pia. Kwa ekzamen ya kifaransa nawaambia wafuate kanuni ya kitabu, sababu msahihishaji hataenda kuwauliza juu ya mababu.

Na lugha? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imetaja kiswahili kati ya lugha ine za taifa, pamoja na kikongo, lingala na tshiluba. Kifaransa ni lugha ya kazi za serikali. Lakini barua ya mzazi kwa prefe wa shule ya mtoto wake, prefe ambaye alinunua makala kwake kwa kiswahili, siioni kuwa karatasi ya serikali mpaka itapikwe na kijana wa ordinatere. Mzazi aandike lugha ambayo anaweza kusalimia ndani yake. Mtu hawezi kumsalimia mwenzake kwa lugha ambayo haisikii, kama vile hawezi kumpa mkono kwa mkono wa mtu mwingine.

Inabaki upande ambao hatuutazamagi: barua zinazotoka biro na kwenda kwa wazazi. Tunawafundisha watoto kumsalimia prefe. Nani anamfundisha prefe kumsalimia mzazi? Chukueni convocation yoyote ya shule zetu. « Le parent de l'élève… est prié de se présenter à la direction… » Hakuna salamu. Hakuna hata « Monsieur ». Mzazi anaitwa kama shahidi polisi, kwa nafsi ya tatu, kama vile hayuko mbele ya karatasi akiisoma. Vijana wanatuandikia « bjr prof » kwenye telefone na tunakasirika kwamba wameharibu salamu. Wao angalau wametupa herufi tatu.

Mahali ninapofundisha sasa, tulizungumza juu ya hiyo convocation katika mkutano wa walimu, na hatukusikilizana haraka. Mmoja alisema mzazi mwenye deni hastahili maua. Nilimjibu kwamba salamu hailipwi na minerval. Mwishowe karatasi ilipigwa upya, kwa kifaransa na kwa kiswahili, na juu kabisa kuna mstari: « Mama wa / Papa wa ………, jambo yenu. » Sekretere anaujaza kwa bic, jina la mtoto mmoja mmoja. Kazi hiyo inamkamata asubuhi nzima, na amekwisha kutuuliza mara mbili kama ni lazima.